Nyumba ya Sehemu Arobaini

SEHEMU YA KWANZA

Seif alimtafuta mpima wa kike kwa sababu moja tu: mama yake alikuwa edani.

Mzee Abdalla alikuwa ametimiza miezi mitatu kaburini. Mjane wake, Bi Zuwena, alikuwa ndani ya nyumba yao ya Kiponda, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, akihesabu miezi yake minne na siku kumi. Mpima wa kiume asingeweza kupita chumba kwa chumba na futi kamba mkononi. Riziki angeweza. Na Riziki, mtoto wa Kikwajuni aliyekuwa akiupita Mji Mkongwe kila siku kwenda skuli bila ya kuingia hata nyumba yake moja ya ghorofa, aliikubali kazi kabla hajauliza kazi yenyewe ni nini.

Seif alimweleza wakiwa wamekaa barazani, nje ya mlango mkubwa wa nakshi, karatasi kaitandaza magotini.

"Hesabu ya mirathi imeshapigwa Kamisheni ya Wakfu," alisema. "Mama ana thumuni yake. Kilichobaki chetu watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Ukitaka igawike bila ya mabaki, unaigawa arobaini. Mama sehemu 5. Dada yetu Raya 7. Mie 14, na kaka Nassor wa Muscat 14."

Riziki aliipitia hesabu. Haikuwa na kasoro.

"Basi nyumba ni mita za mraba 240," Seif akaendelea. "Sehemu moja ni mita sita. Mama 30, Raya 42, sisi wanaume 84 kila mtu. Nipimie, nikatie viwanja viwili. Cha wanaume huku, cha wanawake kule."

Kidole chake kilishuka juu ya karatasi kutoka mbele hadi nyuma. Upande wa wanaume ulibaki na mlango wa nakshi, kisima, ngazi na roshani. Upande wa wanawake, mita 72 zote kwa pamoja, ulipata stoo mbili, jiko na nusu ya ua, wala haukuwa na mlango wa kutokea njiani.

"Watatokea wapi?"

"Tutawatobolea."

"Una kibali cha kutoboa?"

"Kibali kitafuata," alisema Seif, akaikunja karatasi.

Kwengineko Unguja, kukata kiwanja ni kazi ya vigingi vinne na saini. Mji Mkongwe una sheria yake ya mwaka 2010, una Mamlaka yake ya Uhifadhi na Uendelezaji, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hapa hata dirisha halibadilishwi bila ya ruhusa. Wapo wenyeji wanaoamini kwamba sheria hiyo imewekwa ili kuwafurahisha watalii. Mie siamini hivyo. Nyumba hizi zikiachiwa kila mrithi na nyundo yake, wajukuu hawatokuwa na cha kurithi wala cha kugombania.

Riziki alibisha hodi. Bi Zuwena alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini ukingoni mwa ua, kanga nyeupe imemfunika mpaka mikononi.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye uliyetumwa kunikatia thelathini zangu?"

Riziki hakujua ajibu nini.

"Niambie basi, zimeangukia wapi?"

"Jikoni, Bi. Na kipande cha ua."

"Na kitanda changu, nilichoingia nacho harusini?"

Riziki aliitazama karatasi. "Kimeangukia kwa Nassor."

Bi Zuwena alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Pima, mwanangu. Kupima hakujavunja kitu bado."

Riziki na msaidizi wake Saumu walipima kutwa nzima. Kuta nene za sentimita 60. Vyumba virefu, vyembamba, hakuna hata kimoja kilichozidi mita tatu kwa upana. Zidaka ukutani, na ndani yake alama za duara za visahani vya kaure vilivyong'olewa zamani. Orofa ya kwanza, upande wa njiani, Saumu alisimama mwisho wa ukumbi akisoma namba, Riziki akiandika. Vyumba na kuta vilijumlika mita 13.80. Walirudia. Mita 13.80.

Nje, ukuta ule ule wa mbele ulikuwa umetoka mita 15.20.

"Da Riziki," alisema Saumu, "tumepoteza mita na sentimita arobaini."

Walipanda orofa ya pili. Upungufu ule ule, upande ule ule wa kaskazini. Mpima mvivu angeandika kwamba ukuta wa kaskazini una unene wa mita mbili na kwenda zake nyumbani. Riziki alikwenda kuugusa. Plasta yake ilikuwa tofauti, laini kuliko ya kuta nyengine, na katikati palionekana umbo la upinde, kama unajua pa kutazama.

"Pale usiguse!" Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, amepanda ngazi peke yake na pumzi zinamwenda mbio. "Marehemu aliniapisha."

Lakini Saumu alikwisha kuinua mpini wa nyundo ndogo. Akagonga ukuta mara tatu. Sauti ilitoka nzito, yenye mwangwi, sauti ya mahali patupu.

Wote watatu walisikiliza.

Ukuta ukajibu. Mara tatu.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Riziki, mpima aliyeletwa kuigawa nyumba ya mirathi Kiponda, amegundua kwamba ndani ya nyumba hiyo imepotea mita na sentimita arobaini. Saumu ameugonga ukuta, na ukuta umejibu.

Saumu aliangusha nyundo. Bi Zuwena yeye alikaa chini pale pale, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ni Kombo," alisema. "Kumbe bado anakumbuka."

Ukitembea katika njia ile ya Kiponda na kuinua uso, utaona chumba kimetanda juu yako, kimeegemea nyumba mbili zinazotazamana. Hilo ndilo wikio. Nyumba hizo mbili zilikuwa za ukoo mmoja, na wanawake walitembeleana kwa juu, hawana haja ya kushuka njiani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba ya ng'ambo ilichukuliwa na Serikali na kupangishwa. Hii ikabaki kwa wenyewe. Na wikio likabaki hewani, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Mzee Kombo alimpokea Riziki mumo humo ndani ya wikio. Kitanda, redio, mswala, madirisha mawili yanayotazama njia upande huu na huu.

"Tumekuja kutoka Pemba mwaka 1965, mie mtoto wa miaka saba," alisema. "Familia saba nyumba moja. Hatumjui mtu. Mkwewe Bi Zuwena, Mungu amrehemu, alikuwa na haki ya kutuchukia, au siyo? Nyumba ya dada yake imechukuliwa, tumetiwa sisi. Ramadhani ya kwanza, wakati wa magharibi, tukasikia ukuta unagongwa. Mara tatu. Kikafunguliwa kijimlango hapo," alionyesha mwisho wa chumba, "ukapita mkono na sahani ya wali. Ikawa hivyo miaka. Mara tatu maana yake njoo uchukue. Ukijibu mara tatu, maana yake nipo."

"Na ukuta wa upande wa pili, nani aliyeuziba?"

"Makame mwashi. Nenda Jaws Corner baada ya alasiri, utamkuta na kahawa yake."

Mzee Makame alikuwepo. Alimsikiliza Riziki mpaka mwisho, akamwaga mashapo ya kikombe chini.

"Nimeziba mie, kwa amri ya Abdalla, miaka ya sabini. Nyuma ya ukuta ule mna ngazi ya wanawake, kutoka chini mpaka juu, ndiyo inayotokea kwenye wikio. Abdalla alitia kitu ndani kabla sijaweka jiwe la mwisho. Sikumuuliza. Lakini wewe mwanangu hukuja kwa ajili ya hicho. Umekuja kuuliza mstari wako utapita wapi."

Riziki alimwonyesha karatasi. Mzee aliiweka mbali na macho, akaitazama sana.

"Unajua kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba? Boriti. Mkoko haukupi mti mnyoofu wa kupita sana mita tatu, basi chumba kinaufuata mti. Mtu akitaka nyumba kubwa anapanga vyumba vyembamba vingi, na kila ukuta wa kati unabeba boriti za huku na za kule. Huo ukuta wa ngazi wa kwa Abdalla unabeba za pande tatu: za vyumba, za ngazi, na za wikio. Na hapo hasa ndipo Seif anapotaka akate."

"Mstari ni wino tu, Mzee."

"Leo wino. Kesho aliyenunua upande wake atataka ukuta wake mwenyewe, wa matofali na saruji, na nondo ndani yake. Mawe yetu haya ya matumbawe yanavuta maji ya ardhini pamoja na chumvi. Chokaa inayaachia yatoke. Saruji haiyaachii. Maji yanakaa humo humo, chumvi inaula ukuta kwa ndani, na nje umepakwa rangi nyeupe, watu wanausifu." Alinyamaza kidogo. "Na nyumba hizi hazisimami peke yake. Zimesimama bega kwa bega kama safu ya swala. Ukimtoa mmoja katikati, safu yote lazima isogee. Umeiona Beit el Ajaib? Kaijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, imepigwa mizinga 1896 ikabaki imesimama. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukashuka mchana kweupe, wakafa watu wawili. Nilikuwa Forodhani siku ile. Vumbi lake nimelila."

Usiku ule Riziki alikaa na ramani yake mpaka saa sita. Alijaribu kuusogeza mstari. Akiusogeza kushoto, unakata kisima. Akiusogeza kulia, unapita katikati ya ngazi kubwa, kila mrithi apate nusu ya kila kidato. Na kulikuwa na jambo ambalo ramani ya viwanja haikuwa na namna ya kulisema: ramani huchora ardhi, na wikio halina ardhi. Chini yake ni njia ya watu wote. Mwisho wake mmoja ni nyumba ya Serikali, wa pili ni mirathi. Seif alikuwa ameliandika lote upande wa wanaume, na mnunuzi aliyempata wa upande huo alikuwa ameshaambiwa kwamba ndicho kitakuwa chumba kizuri kuliko vyote vya hoteli yake.

Asubuhi alimpigia Seif simu na kumwambia hatouchora mstari ule.

"Nimekulipa."

"Nitakurejeshea."

"Da Riziki, nisikilize." Sauti ya Seif ilishuka, na Riziki alisikia ndani yake kitu asichokitarajia. "Nani aliyemsafirisha baba kwenda kutibiwa Bara? Nani aliyelipa dawa miaka minne? Nassor alituma salamu. Mie nimeuza gari, nimekopa, nimeshachukua arbuni ya watu na imeshaingia kwenye madeni. Mawe hayo mnayoyahurumia nyote, mie nani atanihurumia?"

Hakuwa mwongo katika hilo. Gharama ya kuishika nyumba ya Mji Mkongwe hubebwa na mwenyewe, na chokaa nzuri iliyooza vizuri, na boriti, na fundi anayejua, vyote ni ghali kuliko saruji ya dukani. Anayemlazimisha mtu ahifadhi bila ya kumsaidia ahifadhi, anamsukuma kwa mnunuzi. Riziki alilifahamu hilo. Hata hivyo hakuuchora mstari.

Raya alifungua shauri mbele ya kadhi, likapangwa Ijumaa asubuhi. Sheikh aliisoma hesabu ya sehemu arobaini, akaikunja, akaweka mikono juu yake.

"Mafungu ni haki ya Mwenyezi Mungu, sina la kuongeza," alisema. "Lakini fungu ni la thamani. Hakuna aliyeamriwa kuupasua ukuta. Mnaweza kuikodisha na mkagawana kodi kwa arobaini. Mmoja anaweza kuwanunua wenzake. Mnaweza kukaa pamoja. Kwa nini mmechagua nyundo?"

"Sheikh, sisi wenye sehemu 28 tumekubaliana," alisema Seif. Akatoa hati ya uwakala, imepigwa muhuri, ina saini ya Nassor.

Raya aliikodolea macho saini ile. "Sheikh, naomba ruhusa nimpigie kaka yangu."

Simu ililia mara nne. Nassor alipokea, ikawekwa sauti ya juu, na baraza zima likamsikia akiulizwa kuhusu uwakala alioutoa.

"Uwakala gani?" alisema Nassor kutoka Muscat. "Mie sijatia saini karatasi yoyote."

Seif aliinuka. Kabla hajafungua kinywa, simu ya Riziki ikaanza kutetemeka mezani. Alikuwa Saumu, na nyuma ya sauti yake palisikika mishindo.

"Da Riziki, njoo! Wameingia wanaume saba na nyundo kubwa. Wanaubomoa ukuta wa ngazi, na Bi Zuwena yumo ndani!"

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Nassor ameukana uwakala mbele ya kadhi. Wakati huo huo vibarua wameingia nyumba ya eda na kuanza kuubomoa ukuta unaobeba wikio.

Wanaotaka kubomoa kitu Mji Mkongwe huchagua Ijumaa. Mchana ofisi zinafungwa, watu wako msikitini, na Jumatatu ikifika kilichovunjwa kimeshakuwa kifusi, hakuna wa kukirudisha. Riziki alifika Kiponda wakati adhana inatoka minara yote kwa pamoja, viatu amevishika mkononi.

Njia ilikuwa imejaa. Wanawake wa mtaa ndio waliokuwa wamewasimamisha vibarua, wamewapigia kelele mlangoni: mnaingiaje nyumba ya mjane aliyemo edani, hamna mama nyinyi? Sheha alikuwa katikati, kofia imemkaa upande, akiwaomba watu wasitie mikono. Vibarua wenyewe, vijana wa watu, walikuwa wamekaa barazani vichwa chini. Walikuwa wameambiwa nyumba ni tupu.

Lakini walikuwa wamefanya kazi ya saa nzima. Chini ya ngazi palikuwa na tundu la kumtosha mtu kupita amesimama. Boriti tatu zilikuwa zimening'inia, ncha zake hazina pa kulala. Ndani ya tundu, kwa mara ya kwanza tangu miaka ya sabini, mwanga ulikuwa unaingia kwenye ngazi ya wanawake: vidato vyembamba vya mawe vilivyokwaruzika katikati kwa nyayo.

Mzee Makame alifika akiwa bado na udhu, hakuuliza swali. Alituma vijana wakamletee magogo ya mikoko kutoka gati ya Malindi, akayasimamisha mwenyewe chini ya boriti, moja baada ya jengine, akitia kabari za mbao na kuzigonga polepole. Hakuzungumza na mtu. Alipomaliza la nne ndipo alipokaa.

Mkaguzi wa Mamlaka aliitwa kutoka nyumbani kwake, akaja na shati la Ijumaa. Alibandika amri ya kusimamisha kazi mlangoni, akamwonyesha Seif jina lake kwenye karatasi, kisha akakagua nyufa. Kulikuwa na ufa mpya uliopanda kutoka kwenye tundu mpaka chini ya wikio. Alikata vipande vitatu vya kioo chembamba, akavilaza kukingama ufa, kila ncha akaishika kwa plasta, akaandika tarehe na saa.

"Kioo hakinyumbuki," alimweleza Riziki. "Ukuta ukisogea hata kidogo, kinakatika. Kikikatika hata kimoja, asibaki mtu."

Saumu, ambaye alikuwa ameingia kwenye tundu kupima bila ya kumwambia mtu, alitoka na vumbi mpaka kwenye kope. Mikononi alikuwa na bati la biskuti la zamani, limefungwa kwa kamba ya nazi.

Riziki alilipandisha juu, kwa kuwa wanaume hawakuweza kupanda. Bi Zuwena alilifungua yeye mwenyewe. Ndani mlikuwa na kitambaa cha hariri kilichooza, na ndani ya kitambaa, karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara nane, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Alivaa miwani. Midomo yake ilianza kwenda, kisha ikasimama.

"Raya," alisema, "mwite Kombo asogee ukutani. Na yeye inamhusu."

Walimsikia Mzee Kombo akikohoa upande wa pili. Bi Zuwena akasoma kwa sauti, polepole, ili ukuta usimzibe. Mwaka 1311 wa Hijria, zama za Sayyid Hamad bin Thuwaini. Mwanamke wa ukoo ule, mwenye akili timamu na mali yake mwenyewe, ameziweka wakfu nyumba zake mbili za Kiponda zinazotazamana, na kilichojengwa juu ya njia baina yao. Zisiuzwe, zisitolewe zawadi, zisirithiwe. Wakae humo wajane wa ukoo na mabinti wasio na pa kwenda, mpaka siku ya Kiama.

Raya alikaa kitandani. Riziki alikuwa anapiga hesabu kichwani, na kila alivyoipiga ilitoka jibu moja. Kama hati hii ni ya kweli, hapakuwa na sehemu 14 wala 7 wala 5. Mali ya wakfu haimo katika mirathi. Kutwa nzima ile alikuwa amepima kitu ambacho marehemu hakuwa nacho cha kuachia watoto wake. Na marehemu alijua. Ndiyo maana aliificha, katika miaka ambayo karatasi ya namna hii ingeweza kuifanya nyumba ya pili nayo iulizwe ya nani.

"Zisiuzwe, zisirithiwe," Raya alirudia, machozi yanamtoka. "Mama, tumepona."

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikaja sauti ya Mzee Kombo, ndogo.

"Umesoma nyumba zote mbili, Bi Zuwena?"

"Zote mbili."

"Basi sisi tuliomo huku, familia saba, si wajane wa ukoo wala mabinti wenu. Tuhame?"

Bi Zuwena aliivua miwani. Hakumjibu. Riziki alimwona akiikunja hati mara nane, kama ilivyokuwa, na kuitia ndani ya kanga, kifuani.

Saa moja usiku mkaguzi alirudi na kutoa uamuzi wake: nyumba zote mbili zihamwe mpaka ukuta ukamilike kutengenezwa. Ng'ambo, watu walianza kuteremsha magodoro. Mzee Kombo alitolewa na wajukuu, redio kwapani. Bi Zuwena akatuma jibu kwa Raya: amebakiwa na siku kumi na tisa za eda, hatoki. Kadhi alipigiwa simu, akasema wazi kwamba hofu ya roho inamruhusu mjane kuhama, akamalizie eda yake pahala penye salama. Raya alishuka na bahasha za nguo, akijua mama yake yuko nyuma yake.

Hakuwepo. Walisikia mlango wa nakshi unafungwa kwa ndani, na komeo la chuma likiteremka.

"Mama!" Raya aliupiga mlango kwa viganja. "Mama, fungua!"

"Waambie wote wanisikie," Bi Zuwena alisema kutoka ndani. "Seif kaja kuniibia kwa karatasi. Sasa nina karatasi inayoweza kumtoa Kombo na wajukuu zake, na kesho atatokea mtu wa ukoo huu wa kuitumia. Nahitaji usiku mmoja wa kuomba istikhara nijue la kuifanya. Na jiko la mkaa ninalo."

Seif alisukuma watu akafika mbele, uso umemsawajika. "Mama, usiichome! Mama, mie ndiye mkosa, nifungulie!"

Hakufungua. Mlango ule ulikuwa wa msaji, unene wa kiganja, umetengenezwa kuzuia watu kuliko hawa. Mzee Makame alikataza usivunjwe. Kishindo chochote chini ya wikio, alisema, na yote yanakuja.

Ndipo ikasikika. Sauti kavu, nyembamba, kutoka ukutani ndani ya giza. Mkaguzi aliinua tochi. Kioo cha juu kilikuwa kimekatika vipande viwili.

"Ondokeni wote!" alipiga ukelele. "Ondokeni njiani!"

Watu walikimbia pande zote mbili. Riziki hakukimbia. Alikuwa ameipima nyumba ile chumba kwa chumba, na alijua kwamba imebaki njia moja tu ya kuingia: nyumba ya ng'ambo, juu orofa ya kwanza, kwa Mzee Kombo, kupitia kijimlango cha sahani.

"Boriti za kubeba wikio zilikuwa sita," Mzee Makame alimwambia, amemshika mkono. "Nne sasa zimelala hewani. Mwanangu, mie nimelijua hilo tangu kijana. Haliwezi kumbeba mtu."

"Mwanamume hawezi kuingia kwake, Mzee. Na mie ni mwepesi."

Aliivua buibui yake, akampa Saumu pamoja na daftari la vipimo. Akapanda ngazi za ng'ambo mbili mbili, akapita vyumba vitupu vilivyoachwa milango wazi, mpaka akafika penye kizingiti. Mbele yake sakafu ya wikio ilikuwa imeinama upande mmoja, na kitanda cha Mzee Kombo kilikuwa kimeshaanza kuteleza kuelekea dirishani.

Kioo cha pili kikakatika.

Riziki akatia mguu ndani.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO